Rutuba ya Shamba na Maji ya Ziwa: Wajibu wa Vyama vya Msingi

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na mtaalamu wa udongo mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi vya kanda ya ziwa. Tunayachapisha kwa ajili ya vyama ambavyo wajumbe wake hawakuweza kuhudhuria. Makatibu wanaombwa wayasome mbele ya wanachama.)



Nimeombwa niseme juu ya udongo wa mashamba yetu na maji ya ziwa letu. Kwa desturi mambo haya mawili tumezoea kuyasikia mbalimbali: Bwana Shamba husema juu ya udongo, na Bwana Afya husema juu ya maji, kila mmoja huja kwa siku yake na kwenda zake. Leo nakusudia kuonyesha kwamba jambo hili ni moja. Kile kinachopungua shambani ndicho kinachozidi ziwani, na mwenye kupata hasara ya shamba ndiye huyo huyo anayepata hasara ya maji.

Hakuna mwana ushirika asiyejua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Pamba ikiingia ghalani huandikwa, ikitoka huandikwa, na mizani ikipunguka katibu huulizwa. Lakini iko mali nyingine ya mwanachama ambayo hutoka kila msimu bila stakabadhi, nayo ni rutuba. Nitaeleza inakotoka, inakopitia na inakokwenda, kwa kufuata utafiti wa wataalamu waliolipima jambo hili kwa miaka mingi. Kisha nitasema yale yanayovipasa vyama vyetu.

HESABU YA RUTUBA

Mmea huhitaji vyakula vingi, lakini vikuu ni vitatu: naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Leo nitashika zaidi fosforasi, kwa sababu ndiyo kiungo kikubwa kati ya shamba na ziwa. Fosforasi huupa mche mizizi yenye nguvu na husaidia mbegu kukomaa. Asili yake ni katika mawe. Ikiingia udongoni hujishika na chembe za udongo, hasa zile chembe nyembamba sana, na hushikwa kwa nguvu zaidi na udongo mwekundu wenye chuma nyingi. Kwa hiyo sehemu yake kubwa haiondoki shambani kwa kuyeyuka peke yake. Husafiri pamoja na udongo, kama abiria aliyepanda lori. Lori likiondoka, naye ameondoka.

Hesabu zilizofanywa juu ya nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, kwa hali ya mashamba ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilionyesha kwamba kwa wastani kila hekta ilikuwa ikipoteza kwa mwaka kilo 22 za naitrojeni, kilo 2.5 za fosforasi na kilo 15 za potasiamu. Hiyo ni hasara halisi, baada ya kuhesabu samadi na mbolea iliyorudishwa. Sehemu moja ilitoka kwa mavuno, na sehemu nyingine ilitoka kwa mmomonyoko wa udongo.

Pengine kilo mbili na nusu zitaonekana kuwa kitu kidogo. Basi tuzitie katika lugha ya ghala. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP umeandikwa 18-46-0. Tarakimu ile ya pili si fosforasi tupu, bali ni fosforasi pamoja na oksijeni iliyoungana nayo. Ukiitenga, mfuko mzima una kiasi cha kilo 10 tu za fosforasi. Kwa hiyo hekta nne zilizopoteza kilo 2.5 kila moja zimetoa fosforasi ya mfuko mmoja wa DAP kwa mwaka. Chama chenye wanachama wanaolima hekta mia nne kimetoa mifuko mia moja, na hakuna hata mmoja ulioandikwa katika daftari. Kila katibu anaijua bei ya mfuko. Na afanye hesabu mwenyewe.

Mnamo 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakakubaliana kwamba matumizi ya mbolea yapandishwe kutoka wastani wa kilo 8 kwa hekta mpaka kilo 50. Nakumbusha jambo hili mapema ili asije mtu akadhani kwamba nimekuja kuwaambia wakulima waache mbolea. Sikuja kwa hilo, na mbele nitaeleza sababu.

ZIWA LINAPOSHIBA KUPITA KIASI

Sasa tuifuate fosforasi mpaka majini. Katika ziwa kuna mimea midogo mno inayoelea, nayo huitwa mwani. Samaki wadogo hutegemea mwani, na samaki wakubwa hutegemea wadogo; kwa hiyo mwani kwa kiasi chake ni neema. Lakini ukizidi, maji hugeuka kijani na kutoa harufu. Ukifa huzama na kuoza, na katika kuoza hutumia hewa ambayo samaki wanaihitaji. Aina nyingine za mwani, zile ambazo wataalamu huzihesabu katika jamii ya bakteria, hutoa sumu. Hapa naomba kila mmoja azingatie: sumu hiyo haiondoki kwa kuyachemsha maji. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara, lakini maji yenye utando wa kijani ukiyachemsha sumu hubaki. Maji ya namna hiyo yasinywewe na watu, wala mifugo isinyweshwe.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana ni chakula gani kinachoufanya mwani uzidi. Ubishi huo ulipata jibu lililo wazi mwaka 1973 huko Kanada. Dakta David Schindler na wenzake walichukua ziwa dogo katika jimbo la Ontario, lililojulikana kwa namba tu, yaani Ziwa 226. Ziwa hilo lilikuwa limebanwa katikati kama kibuyu. Waliweka pazia la plastiki pale penye wembamba, wakaligawa ziwa katika sehemu mbili. Upande mmoja waliutia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili waliutia vitu hivyo hivyo viwili pamoja na fosforasi. Kabla ya mwaka kwisha, upande wenye fosforasi uligeuka kijani kwa mwani, na upande wa pili ulibaki na maji yake safi. Picha iliyopigwa kutoka angani iliwaonyesha hata watu wasiosoma vitabu vya sayansi kwamba fosforasi ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 1991 Schindler alikuwa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Maji ya Stockholm.

Ni kiasi gani kinachotosha kulichafua ziwa? Hapa ndipo ugumu wa jambo ulipo. Mimea ya shambani hupenda maji yaliyomo udongoni yawe na fosforasi kiasi cha miligramu 0.2 kwa lita. Ziwa huanza kuharibika likifika kiasi cha miligramu 0.02 kwa lita, yaani sehemu ya kumi ya mahitaji ya mmea. Kwa hiyo hasara ambayo mkulima hawezi kuiona kwa macho katika mavuno ya mwaka mmoja yatosha kabisa kuharibu maji. Kilo moja kwa hekta haimfilisi mtu shambani, lakini ziwani kilo za mashamba yote hukutana.

Yaliyotokea Ziwa Erie, katikati ya Marekani na Kanada, ni somo kwetu. Ziwa hilo lilikuwa limechafuka vibaya katika miaka ya 1960. Mwaka 1972 serikali za nchi hizo mbili zilipatana kupunguza fosforasi, hasa ile iliyotoka katika maji machafu ya miji na viwanda. Ziwa likapata nafuu. Lakini baadaye mwani ulirudi, na safari hii sehemu kubwa ya lawama iliangukia mashamba. Mwezi Agosti 2014, katika mji wa Toledo, watu wapatao laki nne na zaidi waliambiwa wasiyanywe maji ya bomba kwa muda wa siku mbili hivi, kwa sababu ya sumu ya mwani. Mji ulikuwa kando ya ziwa lenye maji baridi, na watu wakapanga foleni kununua maji ya chupa.

Na ziwa letu wenyewe? Vipimo vya Ziwa Victoria vilivyochukuliwa mwaka 1960 na 1961, vilipolinganishwa na vile vya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, vilionyesha kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeongezeka takriban mara mbili, na kwamba maji ya kina kirefu yalikuwa yakikosa hewa kwa muda mrefu zaidi kuliko zamani. Matope yaliyochimbwa chini ya ziwa yalisomwa tabaka kwa tabaka, na yakaonyesha kwamba badiliko hilo lilianza zamani, tangu miaka ya 1930, likaendelea sambamba na ongezeko la watu na la mashamba katika bonde la ziwa. Magugu maji yalipoingia mwishoni mwa miaka ya 1980 yalikuta meza imekwisha kuandaliwa. Katika miaka ya 1990 yaliziba mialo na bandari, na wavuvi walikaa pwani wakiyatazama maji wasiyoweza kuyafikia.

UTAFITI WA SHARPLEY: CHANZO NA NJIA

Ndugu wajumbe, mpaka hapa nimesema juu ya ugonjwa. Sasa niseme juu ya mtaalamu aliyesaidia kuonyesha mahali dawa inapopaswa kuwekwa. Andrew Sharpley ni mtaalamu wa udongo na mazingira. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Massey huko New Zealand, akafanya kazi katika utafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani kwenye majimbo ya Oklahoma na Pennsylvania, na baadaye katika Chuo Kikuu cha Arkansas. Kazi yake kubwa imekuwa kuifuata fosforasi kutoka shambani mpaka kijitoni.

Katika masomo yake nimechagua matatu yanayotufaa.

Somo la kwanza ni kwamba mvua haishughuliki na udongo wote wa shamba. Wataalamu walitengeneza mitambo ya kunyunyiza maji mfano wa mvua juu ya udongo, wakayapima maji yaliyotiririka. Ilionekana kwamba maji hayo huchukua fosforasi katika tabaka jembamba la juu kabisa, la sentimita chache tu. Maana yake ni nyepesi: mbolea au samadi iliyoachwa juu ya ardhi imewekwa mlangoni mwa mwizi, na ile iliyofukiwa imewekwa ndani.

Somo la pili ni kwamba maji yanapochukua udongo hayachukui bila kuchagua. Huacha mchanga mzito na kuondoka na chembe nyembamba, na chembe hizo ndizo zenye fosforasi nyingi. Kwa hiyo udongo unaoondoka una rutuba zaidi kuliko udongo unaobaki. Mkulima anayesema, “Udongo umekwenda kidogo tu,” ajue kwamba kidogo hicho ndicho kilichokuwa bora.

Somo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Katika Pennsylvania, Sharpley na wenzake walichunguza bonde la kijito kimoja lisilofika hekta 40, lenye mashamba, malisho na miti. Waliuliza: fosforasi inayofika kijitoni hutoka katika shamba gani? Jibu likawa kwamba haitoki kila mahali kwa usawa. Makadirio ya wataalamu hao juu ya mabonde ya sehemu zile yalionyesha kwamba kiasi cha asilimia 90 ya fosforasi inayoweza kuliwa na mwani ilitoka katika asilimia 10 tu ya ardhi, tena katika mvua kubwa chache za mwaka.

Sababu yake ni kwamba lazima mambo mawili yakutane: chanzo na njia. Chanzo ni mahali penye fosforasi ya kuchukuliwa. Njia ni mahali ambapo maji hutiririka na kufika mtoni. Shamba lenye rutuba nyingi lililo mbali na mto, mahali ambapo maji hunywea ardhini, halina hatari kubwa. Ukingo wa mto usio na mbolea wala ardhi iliyolimwa nao hauna hatari kubwa. Hatari iko pale vyote viwili vinapokuwa pamoja. Ghala lenye mali na mlango uliofungwa ni salama. Ghala tupu lenye mlango wazi halina cha kuibiwa. Katika majimbo mengi ya Marekani maofisa wa kilimo walianza kutumia mizani ya namna hiyo kulipa kila shamba alama zake, ili mkulima ajue pa kuanzia.

TOFAUTI YETU NA WAO

Sasa naomba tuwe waangalifu. Si halali kuchukua dawa ya mgonjwa mmoja na kumnywesha mwingine bila kuuliza ugonjwa wake.

Mashamba ya Pennsylvania na Arkansas yalikuwa na fosforasi kupita kiasi. Wafugaji wa kuku na nguruwe walinunua chakula cha mifugo kutoka mbali, wakamwaga samadi yake katika mashamba yao mwaka hata mwaka, mpaka udongo ukashiba. Wakulima wale waliambiwa wapunguze. Na hata walipopunguza, fosforasi iliyokwisha kukusanyika udongoni na katika matope ya mito iliendelea kutoka polepole kwa miaka mingi.

Mashamba yetu hayakushiba. Mengi yana njaa, kama hesabu niliyoitoa mwanzoni inavyoonyesha. Sisi tuna jambo la ajabu: shamba lenye njaa juu ya kilima, na ziwa lililovimbiwa chini yake. Haiwezekani kulieleza jambo hili kwa kusema kwamba wakulima wetu wametia mbolea nyingi. Maelezo makubwa ni kwamba udongo wenyewe ndio unaoondoka, na maji machafu ya miji huongezea.

Tena udongo hauondoki kwa maji tu. Mtaalamu wa Kitanzania, Dakta Rashid Tamatamah, pamoja na wenzake Hecky na Duthie, walipima fosforasi inayoangukia Ziwa Victoria kutoka angani, wakatoa matokeo yao mwaka 2005. Walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi yote inayoingia ziwani huja kwa njia ya hewa, na sehemu kubwa ya hiyo si kwa mvua bali kwa vumbi kavu. Vumbi hilo na majivu hayo hutoka wapi? Hutoka katika ardhi iliyoachwa wazi na katika moto. Tunapochoma mapori na mabua wakati wa kiangazi, na upepo ukapita juu ya mashamba yasiyo na kitu, rutuba huruka, ikatua juu ya ziwa kubwa lisilokosa kuipokea.

Kwa hiyo dawa yetu si kupunguza mbolea. Mmea wenye njaa hufunika ardhi vibaya, na ardhi isiyofunikwa ndiyo inayochukuliwa na mvua. Shamba lililolishwa kwa kiasi hukua upesi, majani yake huzuia matone ya mvua, na mizizi yake huushika udongo. Dawa yetu ni kuulisha udongo, kuufunika, na kuuzuia usiondoke. Hilo linamfaa mkulima kwanza, na ziwa baadaye.

Wala elimu hii si ngeni katika nchi hii. Katika kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Victoria hilo hilo, ardhi ni finyu na watu ni wengi tangu zamani. Wakara walifunga ng'ombe zizini, wakawakatia majani, wakapeleka samadi mashambani, wakapanda marejea katikati ya uwele ili kuurutubisha udongo, na wakajenga kingo za mawe kwenye mitelemko. Wageni walioandika habari zao wakati wa ukoloni walistaajabu. Na huko Machakos, Kenya, wakulima walichimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, wakapata tuta la kuzuia maji. Njia hiyo inajulikana sasa katika vitabu vya wataalamu wa nchi nyingi kwa jina lake la Kiswahili, “fanya juu”.

ARDHI YA KANDO YA MTO

Nafika sasa kwenye sehemu ngumu, na sipendi kuizunguka. Ile asilimia kumi ya ardhi ina wenyewe. Kwa wengi wetu ni shamba la bondeni, kando ya mto au ziwa, ambako mwanachama hulima mboga, mpunga na mahindi ya kiangazi. Mara nyingi mwanachama huyo hana shamba lingine lenye unyevu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zaweza kuharibu hifadhi ya mahali hapo. Sayansi na sheria zinakubaliana. Lakini tumbo la mwanachama nalo lina hoja yake.

Historia inatufundisha jinsi ya kutofanya. Tangu mwaka 1947, katika mpango wa maendeleo ya Usukuma, serikali ya kikoloni iliamuru wakulima wachimbe matuta ya kuzuia maji, watie samadi na wapunguze mifugo. Mengi katika maagizo hayo yalikuwa sahihi kwa upande wa udongo. Lakini yalikuja kwa amri na faini, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha wananchi walikuwa wameyakataa. Katika miaka hiyo hiyo, wakulima wale wale walikuwa wakiunda vyama vyao vya pamba kwa hiari yao, na mwaka 1955 wakaviunganisha katika shirikisho moja la vyama vya kanda ya ziwa. Waliokataa tuta la amri walikubali mizani ya ushirika, kwa sababu ile waliichagua wenyewe na faida yake waliiona.

Kwa hiyo nasema hivi: haifai mwanachama wa bondeni abebe peke yake mzigo ambao faida yake ni ya wote. Sheria lazima iheshimiwe, na chama hakina mamlaka ya kuilegeza. Lakini chama kinaweza kumfanya mtu huyo aweze kuitii bila kulala njaa. Ukingo ukipandwa majani ya tembo, majani hayo hushika udongo unaoteremka, na hukatwa yakauzwa kwa wenye ng'ombe wa maziwa. Chama kinaweza kusimamia soko hilo. Kinaweza kumpa mwanachama huyo nafasi ya kwanza katika mkopo wa pembejeo kwa shamba lake la juu. Kinaweza kumpa miche ya matunda ya kupanda juu ya mpaka. Haya hayahitaji fedha za kigeni. Yanahitaji azimio la mkutano mkuu na uangalizi wa kamati.

KAZI YA VYAMA

Kwa kumalizia naleta mapendekezo matano, nayo naomba yajadiliwe katika mikutano ya vyama.

Kwanza, kila chama kifungue daftari la udongo. Siku ya mvua kubwa ya kwanza ya vuli, wajumbe wawili au watatu watembee katika eneo la chama wakati maji yangali yakitiririka. Waandike maji mekundu yanatoka shamba gani na yanaingia mtoni mahali gani. Kazi hiyo haihitaji maabara. Mahali patakapoandikwa patakuwa pachache, na hapo ndipo pa kuanzia. Utafiti wa Pennsylvania umetuonyesha kwamba kufanya kidogo mahali panapostahili ni bora kuliko kufanya kingi mahali popote.

Pili, mbolea na samadi vifukiwe. Mbolea ya kupandia iwekwe shimoni chini ya mbegu na kutenganishwa nayo kwa udongo kidogo. Samadi isiachwe katika marundo njiani pa maji. Pale inapowezekana, chama kikusanye udongo wa wanachama na kuupeleka upimwe katika kituo cha utafiti wa kilimo, ili fedha inunue kile tu kinachokosekana.

Tatu, ardhi ifunikwe. Masalia ya pamba hung'olewa na kuteketezwa kwa mujibu wa kanuni, ili kuwaua wadudu wa zao hilo. Amri hiyo tuifuate. Lakini mabua ya mahindi, mtama na uwele hayana amri hiyo. Yabaki shambani kama matandazo, au yapelekwe zizini yageuke samadi. Migomba na kahawa zitandazwe majani.

Nne, chama kijitazame chenyewe kabla ya kumnyooshea kidole mwanachama. Vyama vyenye mitambo ya kumenya kahawa vichimbe mashimo ya maji machafu mbali na mto, na maganda yafanywe mboji irudi shambani. Bohari ya mbolea isijengwe mahali ambapo maji ya mvua yatapita na kuingia kijitoni.

Tano, jambo la ukingo wa mto lifikishwe mbele ya mkutano mkuu wa kila chama chenye wanachama wa bondeni, na wanachama hao wenyewe wapewe nafasi ya kusema kwanza. Mapatano yaandikwe: nani atapanda majani, nani atayanunua, chama kitatoa nini, na baada ya muda gani ukingo utakuwa umeachwa.

Ndugu Mwenyekiti, ziwa halitasafika kwa msimu mmoja. Wenzetu wa Ziwa Erie wamejifunza kwamba fosforasi iliyokwisha kuingia matopeni huchukua miaka mingi kutulia, na ziwa letu ni kubwa kuliko lao. Atakayewaahidi maji safi mwakani anawadanganya. Lakini faida ya shamba haingoji ziwa. Udongo uliozuiwa mwaka huu utaonekana katika mavuno ya misimu inayofuata, na mfuko wa DAP uliobaki shambani hauna haja ya kununuliwa tena. Hiyo ndiyo sababu nasema kazi hii ni ya ushirika: mali ya mwanachama ilindwe, ihesabiwe, na irudi mikononi mwake.